Je, Wajua? Mtu Mzima Naye Anahitaji Kucheza

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwahi kuwaomba watu wazima jambo linaloonekana jepesi. Kwa saa 48 waendelee na shughuli zao zote za lazima: wale, wafanye kazi, walale. Ila waache kila wanachokifanya kwa raha tu. Wasipige mluzi, wasichorechore pembeni mwa daftari, wasipige soga lisilo na faida, wasimtanie mwenzao ofisini. Matokeo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1975. Washiriki walichoka kuliko kawaida, vichwa viliwauma, walikuwa wepesi wa hasira, na akili zao zilipungukiwa na ubunifu. Hali yao ilianza kufanana na ya mtu mwenye maradhi ya wasiwasi, na zilikuwa zimepita siku mbili tu.

Huwa naukumbuka utafiti huo kila ninaposikia mtu akikaripiwa, "Mtu mzima na akili zako, unacheza?" Akili zenyewe ndizo zinazoudai mchezo.

*

Je, wajua kwamba panya hucheka? Jaak Panksepp, mtaalamu wa ubongo aliyezaliwa Estonia na kufanya kazi Marekani, aligundua miaka ya 1990 kwamba panya wa maabara wanapocheza mieleka hutoa mlio wa kilohezi 50 hivi, mwembamba kupita uwezo wa sikio la binadamu. Akajaribu kuwatekenya kwa vidole. Mlio ukaongezeka, na panya wakawa wanaufuata mkono wake wakitaka tena. Katika kitabu chake cha mwaka 1998 Panksepp aliorodhesha mifumo saba ya hisia iliyojengeka ndani kabisa ya ubongo wa mamalia. Hofu imo, hasira imo, na mchezo umo, ukipewa hadhi ileile. Panya waliokuwa wameondolewa gamba la juu la ubongo bado walicheza, kwa hiyo hamu ya kucheza ina mizizi mahali pa kale kuliko fikra.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, wakaenda mbali zaidi. Waliwafundisha panya kombolela, ule mchezo wa kujificha na kutafutana ambao Kenya huitwa brikicho. Panya walijifunza kutafuta na walijifunza kujificha. Wakiwa watafutaji walipiga milio. Wakiwa wamejificha walinyamaza kimya. Walipopatikana, mara nyingine walikimbia wakajifiche upya, mchezo usiishe. Tuzo yao haikuwa chakula bali kutekenywa na kuchezewa kidogo.

Kwa wanyama wengi mchezo hupungua wanapokomaa. Sokwe aina ya bonobo, ambao makao yao ya asili ni misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake, ni tofauti: waliokomaa, wao kwa wao, huendelea kukimbizana, kutekenyana na kuning'inia. Binadamu ana undugu wa karibu nao.

*

Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walipima jambo ambalo kila aliyewahi kucheka hadi machozi analijua mwilini. Waliwaonyesha watu vichekesho wakiwa wamekaa pamoja, kisha wakawapima wanavyostahimili maumivu, ama kwa kifuko cha barafu mkononi au kwa mkanda wa kupimia presha uliokazwa zaidi na zaidi. Waliocheka kwelikweli walistahimili kuliko waliotazama kipindi cha kawaida. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, walipiga picha za ubongo baada ya watu kucheka na marafiki zao, wakaona dalili kwamba ubongo umemwaga zile kemikali zake zinazofanya kazi kama dawa ya kutuliza maumivu.

Hata hivyo, si kila kicheko ni mchezo, na ushahidi mkubwa kuliko wote unatoka Kagera. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru wa Tanganyika, wasichana katika shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95. Vicheko vilichanganyika na vilio, wengine vikawarudia kwa siku kadhaa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wanafunzi waliporudi kwao, hali hiyo ilizuka pia katika vijiji kama Nshamba. Madaktari hawakupata sumu wala vijidudu. Maelezo yanayokubalika hadi leo ni kwamba hofu na shinikizo vilikuwa vimewaelemea wale mabinti, mwili ukatafuta pa kutokea. Dunia ya nje hupenda kukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha Kiafrika. Mimi nakiona kama taarifa ya watoto waliokuwa wakiumia.

*

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuandika kitaalamu kuhusu utani wa Tanganyika alikuwa mtaalamu wa ndege? Reginald Moreau alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na jina lake wanalijua zaidi wachunguzi wa ndege. Lakini mwaka 1941 alichapisha makala kuhusu utani katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na nyingine mwaka 1944 katika jarida la Africa. Alikuwa ameona kitu ambacho kwetu ni cha kila siku na kwa mgeni ni cha ajabu: watu wawili wasiojuana wanakutana, wanaulizana kabila, na dakika ileile mmoja anaanza kumtukana mwenziwe, kumnyang'anya kofia, kumwita mtumwa wake, na anayetukanwa haruhusiwi kukasirika.

Utani mwingi wa makabila ulizaliwa na vita vya karne ya 19 na misafara ya biashara iliyotoka bara kuja pwani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, Wangoni na Wahehe ni watani. Waliokuwa na sababu ya kuogopana au kuchinjana wakapata njia ya kukutana. A. R. Radcliffe-Brown, aliyeandika mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya namna hii, aliyaeleza kuwa ni urafiki uliochanganyika na uadui: ugomvi wa kuigiza unaozuia ugomvi wa kweli. Ndani ya familia utani una sehemu zake pia. Babu na mjukuu hutaniana, shemeji na shemeji, mabinamu. Baba na mwana wao hawathubutu.

Mahali utani unapofanya kazi yake kubwa kabisa ni msibani. Katika jamii nyingi za Tanzania, wafiwa wakiwa wamejiinamia, anaingia mtani. Amevaa shati la marehemu, anatembea kama alivyokuwa akitembea marehemu, anakohoa kikohozi chake. Anadai alipwe deni ambalo halikuwahi kuwepo. Wakifika makaburini, mtani mwingine anajilaza ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, anasema hatoki mpaka apewe chake. Mjane aliyekuwa hajatia chochote kinywani tangu jana anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Wakati huohuo watani haohao ndio wenye kazi: wanachimba, wanapika, wanasimamia mazishi, kwa sababu wao hawakupigwa na msiba moja kwa moja na mikono yao bado ina nguvu. Sijaona popote huduma ya kwanza ya majonzi iliyopangwa vizuri kiasi hicho, wala haihitaji miadi. Nasikitika ninaposikia vijana wa mjini wakiuona ni utovu wa adabu kwa marehemu.

Pengine njia rahisi ya kuona jinsi utani ulivyo hai ni kwenda uwanjani. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi. Nairobi, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards inajulikana kama debi ya mashemeji. Huwezi kumchukia shemeji yako kabisa. Unamsimanga Jumapili jioni, Jumatatu mnakaa naye siti moja ya daladala au matatu.

*

Kusini mwa Unguja, Makunduchi, watu wazima hupigana hadharani kila mwaka, na wazee wao husimama kutazama. Ni sherehe ya Mwaka Kogwa, inayofanyika mwezi Julai, yenye asili katika mwaka mpya wa Kiajemi. Wanaume wa upande mmoja wa mji huwakabili wa upande wa pili wakiwa na vigogo vya migomba. Wanachapana kwelikweli, vumbi linatimka, magome ya mgomba yanachanika na maji yake yanawarukia watazamaji. Wanawake wanapita wamevaa nguo mpya wakiimba nyimbo za mafumbo na kejeli. Kibanda cha makuti kinachomwa moto, na baada ya hapo watu wanakula.

Wenyeji wanaeleza kwamba aliyekuwa na kinyongo na mwenzake anakitoa siku hiyo, na kilichotolewa pale hakibebwi kuingia nacho mwaka mpya. Angalia jinsi mpango ulivyokamilika. Silaha ni laini: kigogo cha mgomba kinauma, lakini hakiui. Kuna mahali pake, kuna siku yake, kuna mashahidi, na kuna wali mwishoni. Wanasayansi wanaochunguza mieleka ya panya wanasema mchezo wa kupigana hudumu pale tu ambapo kila upande unampa mwenziwe nafasi ya kushinda. Mmoja akizidisha, mwingine huacha kucheza. Makunduchi walikuwa na kanuni hiyo kabla ya maabara.

*

Je, wajua kuwa bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kwamba mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni na 22 mkononi? Sita huwekwa kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Awamu ya kwanza ni namua: unaingiza kete moja moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha, mchezo unageuka kuwa wa mtaji, na hapo ndipo wengi hupotea. Anayemalizwa kabla hajamaliza kuingiza kete zake amefungwa mkononi, na aibu yake haisahauliki upesi. Kete zenyewe kwa kawaida ni komwe, mbegu za kijivu ngumu ambazo huzidi kung'aa kadiri vidole vinavyozishika.

Tazama baraza moja la Mji Mkongwe baada ya swala ya alasiri. Bao limewekwa chini kati ya wazee wawili waliokunja miguu. Mmoja ni fundi seremala mstaafu, mwingine alikuwa karani bandarini. Muuza kahawa amesimama na dele lake, anagonganisha vikombe. Karani ananyanyua kete, anazipima kiganjani, anaanza kuzimwaga moja moja, tak, tak, tak, bila kuhesabu kwa sauti. Anakula, anarudi kichwani, anasafiri tena, kete ya mwisho inadondoka shimo tupu. Imelala. "Alhamdulillahi, mzee kasinzia!" anasema seremala, na watazamaji wanaangua kicheko. Hakuna aliyemuuliza karani kuhusu shinikizo la damu wala mwanawe aliye Muscat asiyepiga simu. Kwa saa nzima mambo hayo hayakupata pa kuingia.

Daktari angependa takwimu, nazo zipo. Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wazee 469 wa Bronx, New York, wote wakiwa na zaidi ya miaka 75. Wale waliozoea kucheza michezo ya ubaoni, kusoma, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walipatwa kwa uchache na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Wafaransa wa eneo la Bordeaux waliwafuatilia wazee 3,675 kwa miaka 20, wakachapisha matokeo mwaka 2013: waliocheza michezo ya mezani walikuwa na hatari pungufu ya ugonjwa huo kwa asilimia 15. Wakajiuliza kwa uaminifu, je, ni mchezo unaomlinda mzee, au mzee mwenye akili timamu na furaha ndiye anayeendelea kucheza? Walipoingiza hali ya akili na huzuni ya mwanzo kwenye hesabu, tofauti hiyo ilikaribia kufutika. Lakini hili lilibaki: wachezaji hawakupatwa na sonona kwa kiwango cha wasiocheza.

Mimi naamini siri kubwa ya bao haimo ubaoni. Imo katika swali linaloulizwa siku karani asipotokea: "Mbona leo hayupo?" Kupoteza hamu ya yale uliyoyapenda, kwa wiki mbili au zaidi, ni mojawapo ya dalili kuu ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kwa sonona. Mtu anayeishi peke yake hana wa kuiona dalili hiyo. Mwenye kijiwe anao watu watano wanaojua saa yake ya kufika, na mmoja wao atakwenda kumgongea mlango.

*

Mchezo wa kompyuta wa Tetris, ule wa matofali yanayodondoka, ulibuniwa Moscow katikati ya miaka ya 1980 na Alexey Pajitnov. Miaka mingi baadaye uliingia hospitalini. Watafiti wa Oxford walikuwa wameonyesha mwaka 2009 kwamba watu waliotazama filamu yenye matukio ya kutisha, kisha wakacheza Tetris, walirudiwa na picha zile vichwani mara chache katika wiki iliyofuata. Mwaka 2017 wakachapisha jaribio lililofanyika katika idara ya dharura ya hospitali ya John Radcliffe. Watu 71 waliofikishwa hapo baada ya ajali za barabarani waligawanywa. Baadhi, ndani ya saa sita za ajali, waliulizwa kwa ufupi walichokiona kisha wakacheza Tetris kwa dakika 20. Katika wiki iliyofuata picha za ajali ziliwajia kwa uchache wa asilimia 62 wakilinganishwa na wenzao.

Sababu inayotolewa ni kwamba kumbukumbu ya macho ikiwa bado mbichi, mchezo unaotumia macho huing'ang'ania nafasi ileile ya ubongo, na ile picha mbaya haipati kuganda kwa nguvu zote. Nawafikiria madereva wa bodaboda wanaofikishwa wodini kila usiku katika miji yetu, simu zikiwa mifukoni.

*

Simu hizohizo zimebeba pia kitu kinachojiita mchezo lakini hakimpumzishi mtu: kubeti. Kijana anayekesha akisubiri matokeo ya ligi ambayo hajui hata timu zake haburudiki, anahangaika. Mkeka ukichanika anatafuta pa kukopa ili aweke mwingine. Ugonjwa wa kamari umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na toleo lililoanza kutumika Januari 2022 limeongeza ule wa michezo ya video. Vipimo vyake vinaeleweka: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mbele ya kila kitu maishani, na anaendelea ingawa anaona unavyomharibia. Aliyefungwa bao anacheka na kesho anarudi. Aliyekula ada ya mtoto kwenye kubeti hana cha kucheka, naye anastahili tiba kama mgonjwa mwingine yeyote.

*

Chuo Kikuu cha Martin Luther cha Halle-Wittenberg, Ujerumani, kilitaka kujua kama mtu mzima aliyesahau kucheza anaweza kujikumbusha. René Proyer na wenzake waliwapa watu 533 mazoezi ya wiki moja. Baadhi waliandika kila usiku mambo matatu ya mchezo waliyoyafanya au kuyaona siku hiyo, wengine walitafuta namna mpya ya kutia utani katika shughuli ya kawaida, wengine walihesabu tu matukio ya namna hiyo. Taarifa ya mwaka 2020 inaonyesha makundi yote matatu yaliongeza uchangamfu, na dalili za huzuni zikapungua kidogo. Kidogo, lakini kwa wiki moja, kalamu na karatasi.

Linaloniuma katika habari hizi zote ni idadi ya wanaume katika vijiwe vyetu na uchache wa wanawake. Haikuwa hivyo daima. Mombasa na miji mingine ya pwani ilikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, ambamo wanawake walishindana kwa mavazi, nyimbo na mafumbo kwa miaka mingi ya karne iliyopita. Rede bado inachezwa, na kwenye bonanza utawaona kina mama wa miaka 40 wakifunga kanga kiunoni na kukwepa mpira kwa kelele ambazo hawazitoi mahali pengine popote. Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi aliwakusanya mabibi wa kijijini wakaunda timu ya soka ya Vakhegula Vakhegula. Wengine wana zaidi ya miaka 70. Mwaka 2010 walisafiri hadi Lancaster, Massachusetts, kushiriki mashindano ya wachezaji wakongwe.

Mabibi wale walipata nafasi kwa sababu kulikuwa na siku ya mazoezi inayojulikana, na nyumbani ikajulikana kwamba saa hiyo bibi hayupo. Huku kwetu saa ya rede ndiyo saa ya kuinjika chakula cha jioni. Anayetaka kumwona mama yake au mkewe uwanjani Jumamosi ana kazi moja ya kufanya Jumamosi hiyo saa kumi: aingie jikoni, achambue mchele.